Kadi ya matibabu ya mzee ipo, dawa hakuna: nani anaisimamia halmashauri?

#1 Binti Michikichini
Wakuu, poleni na majukumu.

Baba yangu ana miaka 78. Anaishi kijijini na mama mdogo, ana presha, na goti lake la kulia halikunji vizuri. Miaka kadhaa nyuma mtendaji wa kijiji alipita kuandikisha wazee, wakapigwa picha za pasipoti, wakapewa kadi za matibabu bila malipo. Baba ile kadi anaitunza kwenye mfuko wa nailoni ndani ya Biblia, haiguswi na mtu.

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani likizo nikampeleka kituoni mwenyewe. Dirisha la wazee lipo, limeandikwa kwa rangi ya bluu, na bango la kumpisha mzee limebandikwa. Ndani ya dirisha kumewekwa maboksi, mtu hakuna. Tukakaa foleni ya wote kuanzia saa tatu kasoro mpaka saa saba mchana. Daktari alimpokea kwa heshima, nisimsingizie, akampima na kumwandikia dawa tatu. Dirisha la dawa tukaambiwa ya maumivu ipo, hizo mbili za presha kanunueni nje. Duka la nje liko ng'ambo ya barabara na zote zimo. Nikalipa mimi. Mwezi ujao mimi nitakuwa mjini, nani atalipa?

Swali langu: kituo ni cha halmashauri, afisa ustawi wa jamii ni wa halmashauri, kadi ilitolewa na halmashauri. Sasa halmashauri yenyewe anaisimamia nani kwenye jambo hili? Kuna kikao chochote ambapo mtu anaulizwa: wazee wangapi wana kadi, na wangapi wametoka na dawa mkononi?

#2 Msukuma wa Relini
Pole sana dada. Serikali ilishasema kila mzee wa miaka 60 na kuendelea atatibiwa bure, kwa hiyo hao wamevunja agizo. Mwandikie mkurugenzi barua, nakala kwa mkuu wa wilaya, utaona wanavyokimbia.

#3 Mzee Ustawi
Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii wilayani zaidi ya miaka 20, nimestaafu. Nimrekebishe kidogo ndugu wa #2. Sera ya Taifa ya Wazee ni ya mwaka 2003 na mzee inamtaja kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi, hapo uko sahihi. Lakini msamaha wa matibabu uliwekwa kwa wazee wasio na uwezo wa kuchangia. Ndiyo maana likaja zoezi la utambuzi na hizo picha za pasipoti. Mzee mwenye bima ya taifa ya afya (NHIF) au mwenye kipato hakukusudiwa.

Sasa swali la binti. Kwenye karatasi usimamizi upo, tena wa ngazi nyingi. Kituo kina kamati yake ya usimamizi yenye wananchi ndani. Halmashauri ina bodi ya afya. Juu yake kuna kamati ya madiwani, kwa halmashauri ya wilaya inaitwa Kamati ya Elimu, Afya na Maji. Kisha Baraza la Madiwani lenyewe kila robo mwaka. Tena yapo mabaraza ya wazee kuanzia kijiji mpaka taifa.

Nimekaa kwenye vikao hivyo. Kipengele cha ustawi kilikuwa ukurasa mmoja mwishoni mwa taarifa ya afya: "wazee waliotambuliwa ni kadhaa, waliopewa vitambulisho ni kadhaa". Wajumbe wanafungua ukurasa, wanafunga, tunahamia madarasa na madawati. Sikumbuki diwani aliyewahi kuniuliza wangapi walitibiwa.

#4 Kipepeo wa Uluguru
Mzee Ustawi, asante kwa kusema ukweli. Ila kwa nini wewe mwenyewe hukuiandika hiyo namba bila kuulizwa?

#5 Mzee Ustawi
Swali la haki. Fomu haikuwa na safu yake, na mimi nilikuwa afisa mmoja kwenye kata 19, bila pikipiki kwa miaka mingi. Lakini ningeweza kuihesabu hata kwa vituo viwili vitatu. Sikufanya hivyo, na linaniuma.

#6 Dirisha la Dawa
Mimi ni mtoa dawa, niko kituo cha umma, sitasema wapi. Naomba niwaeleze kutoka upande wa ndani ya dirisha.

Kituo kinanunua dawa kwa fedha za aina chache: zinazotoka serikali kuu kwenda Bohari ya Dawa, mfuko wa pamoja wa afya, na makusanyo yetu wenyewe, yaani wanaolipa papo kwa papo, bima na CHF (mfuko wa afya ya jamii). Mgonjwa wa bima akichukua dawa, nadai, fedha inarudi, naagiza nyingine. Mgonjwa wa msamaha akichukua dawa, hairudi hata shilingi. Mzee ni wa msamaha, mtoto chini ya miaka 5 ni wa msamaha, mjamzito ni wa msamaha. Wote wana haki, sibishi. Lakini asubuhi nikifungua kabati lina makopo manne ya dawa za presha na robo ya mwaka ndiyo kwanza imeanza, nifanye nini?

Wazee ndio wanaoumia zaidi kwa sababu dawa zao ni za kila siku mpaka mwisho wa maisha. Malaria unatibu mara moja umemaliza.

Kwa hiyo mimi nasema tatizo si usimamizi. Msamaha umetolewa bila kuwekewa fedha. Hata madiwani wakikaa kila wiki, kopo halitajaa kwa kikao.

#7 Msukuma wa Relini
Mkuu Dirisha, haya sikuyajua kabisa. Nafuta maneno ya "utaona wanavyokimbia".

#8 Ndugu Kabwela
Fedha zipo. Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya bajeti kwa wanawake, vijana na walemavu. Kwa nini hakuna fungu la wazee?

#9 Karani wa Mapato
Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani mkuu, siyo ya bajeti. Tofauti ni kubwa sana, halmashauri nyingi za vijijini sehemu kubwa ya bajeti yao inatoka serikali kuu. Mgao ni 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Iliwekwa kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa mwaka 2018, ikasimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya upotevu uliotajwa kwenye ripoti za mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali (CAG), ikarudi Julai 2024. Na ni mkopo, si ruzuku.

Halafu wazee hawajafungiwa moja kwa moja. Kundi la wanawake halina umri wa mwisho. Bibi wa miaka 65 anaweza kuwa kwenye kikundi.

#10 Binti Michikichini
Karani, nakuelewa, lakini baba yangu ni mwanaume wa miaka 78 mwenye goti bovu. Akope afuge kuku wangapi ili anunue dawa ya presha? Anachohitaji ni matunzo, mkopo wa nini?

#11 Wakili wa Kata
Mleta uzi umegusa penyewe. Naona tunazunguka fedha na fomu, ilhali mzizi ni sheria. Angalieni watu wenye ulemavu: wana sheria yao, Na. 9 ya mwaka 2010. Imetaja wajibu wa serikali za mitaa, imeunda kamati kuanzia kijiji na mtaa, kata, mpaka halmashauri. Ukinyimwa, una mahali pa kushika. Wazee wa Tanzania Bara walipewa sera mwaka 2003, na ikapita zaidi ya miaka 20 bila sheria yao. Sera ni ahadi. Huwezi kumpeleka mkurugenzi mahakamani kwa kuvunja sera.

Zanzibar wenzetu walitunga Sheria ya Masuala ya Wazee mwaka 2020.

#12 Mpemba wa Wete
Ahsante Wakili kwa kututaja. Huku kwetu Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016, kila mzee aliyefika miaka 70, awe alikuwa mkulima, mvuvi au mama wa nyumbani, haulizwi alichangia nini. Ilianza shilingi 20,000 kwa mwezi, sasa ni 50,000. Nyanya yangu siku ya malipo huvaa buibui lake jipya. Anasema ndiyo mara yake ya kwanza maishani kupokea fedha ya mwezi yenye jina lake.

Lakini msidhani kila kitu ni shwari. Fedha inalipwa, ndiyo, ila mzee aliye kitandani ni nani anayekwenda kumtazama? Hilo bado ni la jamaa na majirani. Nyumba za wazee Sebleni, Welezo na Limbani zinachukua wachache tu.

#13 Msukuma wa Relini
Elfu 50 kila mwezi! Shemeji, huko hamtaki mkwe?

#14 Mpemba wa Wete
Karibu ndugu yangu, ila njoo na miaka 70 na uwe umekaa hapa muda wa kutosha. Hawakosei kuhesabu.

#15 Mama Wawili Leicester
Salaam kutoka Uingereza. Nafanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwaka wa sita huu. Nilipouona uzi huu nilisimamisha kila kitu, maana ndiyo kazi yangu.

Huku England halmashauri ndiyo yenye wajibu, na ni wajibu wa kisheria, sheria ya mwaka 2014. Mtu mzima yeyote anayeonekana kuhitaji msaada, halmashauri lazima ije imtathmini: anaweza kuoga? anaweza kula? anaweza kutoka kitandani? Ikikubali kwamba anahitaji, wanapima kipato. Mwenye mali ya zaidi ya pauni 23,250 anajilipia mwenyewe. Chini ya hapo halmashauri inachangia au inalipa. Kazi yenyewe wanazipa kampuni, na mimi nimeajiriwa na kampuni.

Usimamizi uko hivi. Tume ya ubora wa huduma, CQC, inakagua kampuni na nyumba za wazee na kuzipa daraja moja kati ya manne, na daraja lazima libandikwe mlangoni. Madiwani wana kamati ya uchunguzi inayoweza kumwita mkurugenzi wa huduma ajibu hadharani. Na baada ya sheria ya mwaka 2022, tume ile ile sasa inazikagua hata halmashauri zenyewe. Yaani swali la Binti, "anayeisimamia halmashauri ni nani", huku waliliuliza wakachelewa kulijibu.

Sasa niwaambie upande wa pili. Mimi nikiingia kwa bibi asubuhi nina dakika 15, simu inarekodi nilivyoingia na nilivyotoka. Dakika 15 ni kumwamsha, kumsafisha, kumbadilisha, kumpa dawa, kumwekea uji na chai. Kuna bibi mmoja hunishika mkono nikitaka kuondoka, hasemi neno, ananishika tu. Ripoti inaonyesha "huduma imetolewa, dakika 15". Kamati inasoma kwamba kila kitu kimekwenda sawa. Mkono ule haumo kwenye ripoti.

#16 Kipepeo wa Uluguru
Mama Wawili, nimesoma mara mbili. Mungu akubariki kwa kazi hiyo.

#17 Ndugu Kabwela
Wazungu nao wanatesa wazee. Ile nyumba ya wazee ya Winterbourne View iliyoonyeshwa na BBC walikuwa wanawapiga.

#18 Mama Wawili Leicester
Kabwela, ile haikuwa nyumba ya wazee. Ilikuwa hospitali binafsi karibu na Bristol ya watu wenye ulemavu wa akili, wengi wao si wazee hata kidogo. Ilionyeshwa Mei 2011, wafanyakazi 11 walitiwa hatiani na 6 wakafungwa. Kinachoumiza ni kwamba muuguzi mmoja alikuwa ameshatoa taarifa kabla na hazikufanyiwa kazi. Wakaguzi walikuwepo, halmashauri ilikuwepo. Kamera ya siri ndiyo iliyoona.

#19 Wakili wa Kata
#18 inanifanya nipunguze sauti kidogo kuhusu sheria. Sheria walikuwa nayo.

#20 Chifu wa Kyela
Jamani naona mnawatupia mzigo madiwani na wazungu. Mzazi ni wa watoto wake. Mtoto uliyesomeshwa kwa kahawa na ng'ombe wa baba unasubiri halmashauri imnunulie dawa? Zamani kulikuwa na kamati gani? Mzee alikuwa anazungukwa na wajukuu, uji unaletwa, kuni zinaletwa. Tumehamia mjini tukawaacha na simu ya tochi.

#21 Binti Michikichini
Chifu, sijachukia. Dawa nilinunua na nitaendelea kununua. Lakini kadi alipewa yeye, na aliitunza kwa sababu aliamini.

#22 Njiwa Pori
Chifu wa Kyela, kaka yangu, na asiye na mtoto? Shangazi yangu hakujaliwa kuzaa. Mumewe alifariki, shamba likachukuliwa na upande wa mume, akabaki na chumba kimoja cha tope. Alikuwa kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, wakaja na malipo ya kielektroniki, alama za vidole hazikusoma. Vidole vyote kumi. Amelima kwa jembe la mkono miaka 50, ngozi imekuwa laini kama karatasi, mashine inasema hapana. Yule kijana wa mashine alimpangusa vidole kwa kitambaa chenye maji, akajaribu tena na tena, mwisho akamwambia "bibi, rudi siku nyingine". Siku nyingine ni kilomita 9 kwa miguu.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa palepale. Hakuna aliyeandika popote kwamba bibi huyu amerudi mikono mitupu. Mimi naona hapo ndipo usimamizi unapokosekana, pale mlangoni ambapo mtu anarudishwa na hakuna anayeandika.

#23 Mzee Ustawi
Njiwa, kwa shangazi: zipo njia za kumteua mtu wa kumpokelea. Nenda na mtendaji na viongozi wa kamati ya jamii ya mpango huo, mwombe aandikishiwe mwakilishi. Usikubali "rudi siku nyingine" kwa mara ya tatu.

#24 Njiwa Pori
Ahsante baba. Tulifanya hivyo, ilichukua miezi, sasa anapokelewa na dada yangu.

#25 Kahama Juu
Kwetu kuna sababu nyingine hamjaitaja. Mikoa ya kanda ya ziwa vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, kisa macho mekundu, na macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Bibi anayeogopa kuonekana hatakwenda kujiandikisha popote. Unaweza kuwa na kamati nzuri na daftari zuri, yeye amejifungia ndani.

#26 Mombasa Raha Tupu
Majirani, salamu kutoka Kenya. Kwetu Katiba ya 2010, Kifungu cha 57, imewataja wazee moja kwa moja. Na kuna Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70. Tatizo letu pesa hukawia, miezi inarundikana, wazee wanashinda mlangoni kwa ajenti. Na ukimuuliza MCA, yaani diwani wetu wa kaunti, atakwambia hiyo ni ya serikali kuu, si ya kaunti.

#27 Wakili wa Kata
Hicho cha Mombasa ni ugonjwa wetu pia. Makazi ya wazee wasiojiweza huku Bara, kina Nunge pale Kigamboni, Njoro, Kolandoto, Bukumbi, Ipuli, yako chini ya wizara inayoshughulika na makundi maalum. Afisa ustawi wa halmashauri anawajibika kwa mkurugenzi, na mkurugenzi yuko TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Mzee akianguka ndani ya makazi ni wa wizara, akianguka nje ya geti ni wa halmashauri. Diwani wa kata ile akitaka kuuliza habari za makazi, ataambiwa si ya kwake.

#28 Jirani wa Bukumbi
Nimekulia karibu na makazi, nilikuwa nakwenda kuteka maji. Watu wengi hawajui kwamba Nunge na Bukumbi zina historia ya watu wenye ukoma. Kwa hiyo si wazee watupu, kuna familia, kuna watoto wamezaliwa hapo na wakasoma shule za hapo. Nikisikia "wazee waliotelekezwa" naona haitoshi. Wengine walipelekwa vijana, ndugu wakafunga mlango, wakazeekea mle.

#29 Dirisha la Dawa
Narudi kwenye hoja yangu maana naona imefunikwa. Wakili amesema sheria, Njiwa amesema mlangoni, Chifu amesema watoto. Bado kopo liko tupu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imezungumzia kugharimia wasio na uwezo. Mzee akiingia kwa bima iliyolipiwa, mimi nadai fedha yake kama ya mgonjwa mwingine, na kabati linajaa. Hilo moja litafanya kazi kuliko kamati kumi.

#30 Mzee Ustawi
Sawa kijana wangu, lakini nani atachagua wasio na uwezo? Ni mtendaji yule yule na daftari lile lile. Nimeona daftari ambalo mama mkwe wa kiongozi yuko namba 3 na mjane asiye na bati yuko nje. Bima ikilipiwa kwa orodha mbovu, itamlipia asiyestahili. Orodha lazima isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa sauti, jina moja moja. Wanakijiji wanajuana.

#31 Dirisha la Dawa
Hapo sina la kubisha. Ila nasimama kwenye fedha.

#32 Chifu wa Kyela
Mjane asiye na bati na watoto wake wako wapi? Nauliza tu.

#33 Njiwa Pori
Chifu!

#34 Binti Michikichini
Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nilifuata maelezo ya Mzee Ustawi kuhusu Baraza la Madiwani, nikampigia diwani wetu. Kumbe vikao vya baraza viko wazi, mwananchi anaruhusiwa kukaa kusikiliza, mimi sikujua. Mama mdogo na wazee wawili wa baraza la wazee wa kata walikwenda, walikodi bodaboda mbili. Diwani aliuliza kwa mdomo wake: katika robo hii, wazee wangapi wenye kadi waliandikiwa dawa na wangapi walipewa zote? Mganga mkuu wa wilaya akasema takwimu hiyo haikusanywi, lakini italetwa robo ijayo kwa vituo vitano vya kuanzia. Imeandikwa kwenye muhtasari. Mama mdogo anasema wale wazee wawili walimwomba karani awasomee mstari ule kabla hawajaondoka, akawasomea.

Baba bado ananunuliwa dawa nje. Maboksi kwenye dirisha la wazee yameondolewa.

#35 Msukuma wa Relini
Safi sana dada. Robo ijayo tupe mrejesho hapahapa.

#36 Mzee Ustawi
Waambie wazee wale waende tena robo ijayo, wale wale. Wasipoonekana ukumbini, kipengele kitarukwa. Na waombe namba ya muhtasari waitunze.

#37 Kipepeo wa Uluguru
Samahani naingilia. Kadi ya bibi yangu picha imefutika kabisa, amebaki kivuli tu, na kituoni wameikataa. Inabadilishwa kwa mtendaji au mpaka wilayani?